Waliwaamsha wasomaji wangu saa nane usiku

Kampuni inayonikusanyia malipo ya wasomaji wa jarida langu siitaji jina, kwa sababu mpaka naandika hapa bado wana pesa yangu na sitaki kuwapa kisingizio. Aliyewahi kufanya nao kazi atawajua tu.

Simu ya kwanza iliingia saa nane na dakika chache usiku. Ni wiki zile za kuelekea Krismasi, watu wameshaanza kupanda nyumbani, mimi nimelala zangu hapa Moshi. Nikaona jina la mama mmoja wa Kibosho, mkunga mstaafu, msomaji wangu tangu toleo la tatu. Mtu wa umri ule akikupigia saa hizo, unachofikiria ni msiba. Nikapokea, shikamoo yenyewe sikuimaliza.

"Mwanangu, kuna watu wameingia kwenye simu yangu. Wanataka namba ya siri. Wanasema nilipe elfu tano. Nimeizima nikaiwasha, wamerudi tena."

Alikuwa ananong'ona. Amewasha taa, amekaa ukingoni mwa kitanda, simu ameiweka juu ya meza na hataki kuigusa, ananipigia kwa simu ya mjukuu. Simu yake ilikuwa haizimwi usiku, maana mpaka wakati ule majirani walimpigia mke wa mtu akishikwa uchungu. Alipoisikia akajua kuna mzazi. Kumbe ni deni la jarida langu.

Niwaeleze. Kila Alhamisi natuma jarida kwa barua pepe kuhusu maisha ya huku mlimani: bei ya kahawa mnadani, mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia, iliyokauka na ile ambayo wazee bado wanaisafisha kwa zamu, vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vinavyogawanywa mpaka mtoto wa mwisho anabaki na migomba sita. Kabla ya hapo nilikuwa mwandishi wa mkoani, yule anayelipwa kwa stori iliyotoka. Isipotoka, nauli yako imekwenda. Nilifanya hivyo miaka mingi, na nilipoanza kuandika moja kwa moja kwa msomaji niliapa sirudi. Toleo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha tangu 1933, lilisambaa kuliko yote. Watu walitumiana kwa sababu kila mmoja alikuwa na babu aliyepeleka gunia pale. Ndipo nikaanza kulipisha, shilingi 5,000 kwa mwezi. Wakafika 140 na kidogo. Kwangu mimi hizo ni pesa za kuendesha nyumba.

Mtu ataniuliza kwa nini sikwenda Substack kama wengine. Substack, jukwaa la kuuzia majarida ya barua pepe, ilianzishwa San Francisco mwaka 2017, inakata asilimia 10 ya anacholipa msomaji. Ghost, jukwaa jingine la aina hiyo, haigusi malipo ya msomaji, wewe unalipia gharama ya kuendesha jarida lako basi. Lakini kote kuwili pesa inapita kwa Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti ya biashara iliyosajiliwa Tanzania. Wapo wanaozunguka kwa kusajili kampuni Marekani kupitia Stripe Atlas, dola 500 hizo kabla hujaandika sentensi moja. Na hata ningepita, kima cha chini Substack ni dola 5 kwa mwezi. Toa asilimia 10 ya jukwaa, toa asilimia 2.9 na senti 30 za Stripe, karibu dola nzima imekwenda. Halafu msomaji wangu wa Mwika hana kadi ya kulipia mtandaoni. Ana simu, na pesa yake iko kwenye simu.

Kwa hiyo nikaenda kwa kampuni ya hapa hapa nchini, inayokusanya malipo ya mitandao yote ya simu na kadi. Nilipeleka TIN, ile namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, cheti cha BRELA, wakala wa kusajili biashara. Na lazima nikiri: miezi ya kwanza walinifurahisha sana. Msomaji anabonyeza kiungo, anaingiza namba ya simu, inamjia sehemu ya kuweka namba ya siri, amelipa, barua inaanza kuingia. Nilipoona malipo ya kwanza kutoka Tarakea nilisimama jikoni nikapiga makofi peke yangu. Makato yao sikuwa na ugomvi nayo. Kama ningeandika maoni wakati ule ningewapa nyota zote.

Kisha wakabadilisha mfumo. Zamani msomaji alikuwa anakumbushwa na mimi kwa barua, analipa kwa muda wake. Wao wakaamua iwe yenyewe kila mwezi. Kwa mwenye kadi hakuna shida, inakatwa kimya kimya. Lakini pesa ya simu haikatwi hivyo, lazima mwenye simu aweke namba ya siri kila mara. Kwa hiyo mfumo wao ukawa unarusha maombi kwenye simu za watu wote ambao mwezi wao umeisha, usipojibu unarusha tena, mpaka mara tatu. Na uliyarusha saa tano usiku. Saa tano usiku ya saa za kimataifa, ambazo mfumo wao ulikuwa umewekewa. Huku kwetu hiyo ni saa nane. Hakuna aliyekaa akahesabu masaa matatu. Masaa matatu tu!

Na kile kilichotokea kwenye kioo cha simu hakikuwa jina la jarida. Lilikuwa jina la kampuni yao, jina la Kiingereza ambalo msomaji wangu hajawahi kulisikia, likifuatiwa na 5,000 na sehemu ya kuweka namba ya siri. Katika nchi ambayo hakuna mtu hajapokea "ile pesa tuma kwenye namba hii". Katika nchi ambayo mitandao yenyewe kila siku inatuhubiria kwamba namba ya siri ni yako peke yako. Watu walifanya kile walichofundishwa kufanya. Waliogopa.

Mpaka kunakucha nilikuwa nimepokea simu tisa. Mmoja alikuwa amekwenda kwa wakala alfajiri kutoa pesa yote iliyokuwa kwenye laini yake, na alikatwa makato ya kutolea kwa ajili yangu. Ndani ya wiki moja watu 52 walijitoa. Hawakunitukana. Waliniandikia kwa upole kwamba jarida ni zuri ila hawataki mambo ya kuingiliwa simu. Huo upole ndio ulioniuma.

Namba yao ya huduma kwa wateja ilipiga muziki siku mbili. Siku ya tatu nikapanda Coaster kwenda Arusha. Ofisi yao iko gorofani, si mbali na Mnara wa Saa. Nikaelekezwa kwa kijana mmoja, hakuinua macho kwenye kompyuta. Nikamweleza tangu mwanzo, nikamwonyesha na picha ya kioo aliyonitumia msomaji. Akasema:

"Dada, mfumo uko sawa. Shida ni wateja wako. Ni wazee, hawajui teknolojia."

Nikamuuliza, wewe mama yako akiletewa ombi la namba ya siri saa nane usiku utamwambia aweke? Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, na hili ndilo silisahau, "Kwani hii biashara yako ni nini hasa? Unauza barua pepe? Si ni bure?"

Wenzake wawili walicheka. Nilitetemeka mikono. Nimekaa kwenye baraza za wazee Old Moshi kuanzia asubuhi mpaka giza kupata aya tatu za kweli. Nimetembea na mfongo mmoja kutoka msituni hadi unapoishia nikiwa na daftari kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Kinacholipiwa ni hicho. Barua pepe ni bahasha tu, na hakuna anayekwenda kwa muuza gazeti akasema karatasi ni rahisi nipe bure. Nilimwambia hayo, sauti ikiwa juu kuliko nilivyotaka. Jibu nililopewa ni kwamba kwa kuwa wateja wengi wamelalamika, akaunti yangu "imewekwa chini ya ukaguzi", na pesa ya mwezi ule haitatoka mpaka nilete barua ya serikali ya mtaa. Yaani makosa wameyafanya wao, malalamiko yamekuja kwa sababu yao, na mshukiwa nimekuwa mimi. Barua nimeipeleka. Ni miezi sasa.

Je, nasema msiwatumie? Nilipokaa kuandika nilitaka kusema wenye wasomaji wa nje wawatumie tu. Wasomaji wangu wa Uingereza na Marekani wanalipa kwa kadi na hawajawahi kusumbuliwa usiku hata mara moja. Kwa upande huo kazi yao ni safi, na mpaka sasa sijawahamisha. Lakini kadiri ninavyoandika naona nawapamba bure. Hizo pesa za kadi nazo ziko kwenye ukaguzi ule ule. Kazi safi inayoishia kwenye kabati lao inanisaidia nini? Msiwatumie. Na kama mmeshaingia nao, waulizeni kwa maandishi ombi la malipo linatoka saa ngapi, saa za wapi, na linaonyesha jina la nani.

Kilichoniokoa mwaka huu ni matangazo, kitu nilichokuwa nakidharau. Mama mwenye nyumba ya wageni Marangu alitaka kutangaza, akauliza ni wangapi wanaofungua barua. Nikamwambia ukweli kwamba hesabu ile imevimba, kwa sababu wasomaji wangu wengi wa nje wana iPhone, na tangu mwaka 2021 Apple inapakua picha za barua hata kabla mtu hajaifungua. Akaondoka. Baada ya wiki mbili akarudi akalipia matoleo manne, kwa sababu nilikuwa sijamdanganya.

Wale wa simu sasa wanalipa kwenye namba iliyo mwisho wa kila barua, jina langu linatokea, wanathibitisha wenyewe, mchana, wakitaka. Naandika kwenye daftari la mistari: tarehe, jina, mpaka mwezi gani. Inanichosha. Jumapili nzima inaishia kwenye kulinganisha meseji na majina, na kuna watu wanatuma kwa laini ya shemeji bila kusema. Lakini baada ya barua ya kuomba radhi, ambayo juu yake niliweka picha ya jani la masale kama tunavyoombana msamaha huku kwetu, walirudi 31. Mwalimu mmoja mstaafu alituma mwaka mzima kwa mpigo, 60,000, na ya kutolea juu.

Mama wa Kibosho naye amerudi kusoma. Kulipa nimemkataza. Nilimpigia juzi jioni kumuuliza hali, nikaambiwa na mjukuu kwamba bibi siku hizi simu anaizima saa tatu, mwenye uchungu aje agonge dirisha.