Mapazia ya Kitenge au Mapazia Mazito ya Dukani?

Anayepamba sebule kwa fedha kidogo mjini Kigoma hufika mapema kwenye swali la madirisha. Kwa gharama, kitenge kinashinda: kipande cha yadi 6, yaani takriban mita 5.5, hutosha pande mbili za dirisha la kawaida, na masalio hushonwa foronya za mito ya makochi, hivyo rangi za chumba zikaoana bila matumizi zaidi. Kiloweshwe kwanza kabla ya kukatwa, kwa kuwa pamba hunywea. Hufuliwa kwa mkono na kukauka upesi, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko urembo wakati wa vumbi la kiangazi.

Udhaifu wake ni jua. Dirisha linalotazama magharibi, upande wa ziwa, hupigwa na jua kali la alasiri, nalo hupausha kitambaa kisicho na bitana; hapo pazia zito huzuia mwanga vizuri zaidi, ingawa kulifua ni kazi na fimbo nyembamba hupinda.

Mpangaji anayehamahama atanufaika na kitenge. Mwenye nyumba inayoelekea ziwani anaweza kuweka mazito upande huo pekee.