TAHADHARI mnaotafuta vyumba Sakina, kuna chumba kimoja kimepangishwa watu wanne

Wakuu habari za saa hizi, naandika haraka haraka maana najua watu wengi sasa hivi wanahangaika na vyumba hapa Arusha na tapeli mwenyewe bado yupo mtaani.

Mimi ni mpangaji huku Sakina, nyumba ina vyumba kadhaa, mwenye nyumba anakaa Rombo na kuja kwake ni mara moja moja. Chumba cha mwisho, master na jiko, alikuja kupanga chalii mmoja mtanashati, kalipa miezi mitatu kihalali kabisa, salamu kwa kila mtu, ila godoro hatukuwahi kuliona likiingia. Kumbe shida yake ilikuwa funguo tu.

Akakipiga picha akairusha kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook, "master, jiko, luku yako mwenyewe, maji ndani, 80,000 kwa mwezi, hakuna dalali". Sisi humu tunalipa 150,000 na luku tunachangia, kila wiki ugomvi nani kapiga pasi! Wateja anawaleta mchana tukiwa kazini, anajitambulisha ni mtoto wa mwenye nyumba, anafungua geti kama kwao, halafu presha inaanza: AFCON 2027 inakuja, uwanja wa Olmoti ukiisha kodi zote zinapanda, kuna dada wa chuo anakuja jioni na hela mkononi, lipa miezi sita nikushikie. Hiyo ni 480,000. Hela haishiki mkononi, inaenda kwenye namba yenye jina la mwanamke, ukiuliza anasema ni wife. Mkataba anakupa, ule wa steshenari, umejazwa kwa kalamu, shahidi hamna, muhuri wa mtaa hamna. Funguo njoo Jumamosi, fundi anamalizia rangi.

Jumamosi sasa. Asubuhi kirikuu ikaja na kitanda, haijamaliza kushusha ikaja nyingine na friji na mama ana mtoto mgongoni, kila mtu na mkataba wake wa chumba kilekile, wakaanza kuvutana pale getini huyu anamwita mwenzie tapeli. Hadi mchana wakawa wanne. Simu ya jamaa haipatikani. Yule mama alishaachia chumba chake Ngaramtoni na hela yenyewe ilikuwa ya kikoba, huyo ndo aliniuma kweli. Mwenye nyumba kupigiwa anasema mwanae wa kiume yuko mmoja tu na anasoma darasa la tano.

Kwa hiyo mkionyeshwa nyumba mchana rudini jioni wapangaji wakiwepo muwaulize, au muulize mama wa mbogamboga nje ya geti, wale wanajua nani mwenye nyumba na nani anadaiwa kodi. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti anamjua mwenye nyumba wa kweli, na mkataba uandikiwe hapo hapo mbele yake, kama wanataka hela ya muhuri lipa tu. Kabla hujaweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la anayepokea, likiwa silo lililo kwenye mkataba ishia hapo. Madalali tunawasema sana kwa kula kodi ya mwezi mzima, lakini dalali wa kijiweni kesho utamkuta palepale.

Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako hapo hapo kabla hajaitoa kwa wakala, meseji zake ziripoti 15040, halafu polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako.

Na kama ulilipia master Sakina kwa staili hii nicheki inboksi, maana wale wanne kila mtu kafungua RB kivyake na tunataka ziunganishwe. Picha bado zinazunguka, ukiona bafu lenye vigae vya kijani na wavu wa dirisha umechanika ndo hicho chumba, na muda huu kina mpangaji mwingine kabisa, kawekwa na mwenye nyumba mwenyewe.