Fantastic Beasts: sandukuni ni pazuri mno, ila nundu wetu wamemnyima nafasi

Naandika usiku huu huu kabla haijapoa, maana tumetoka kuiangalia Fantastic Beasts and Where to Find Them, ile ya 2016, hapa nyumbani Makorora, Tanga, mimi, bibi yangu na watoto wawili wa dada, na umeme haukukatika hata mara moja tukaimaliza yote masaa mawili na dakika 13. Mimi ni mara ya nne. Wao ndo mara ya kwanza. Kama hujaiona ujue hapa nitasema mpaka mwisho wake.

Harry Potter nilianza nayo sekondari, vitabu vilikuwa vinazunguka darasani mpaka majalada yameisha, mie nilikipata cha tatu kabla ya cha kwanza na nikakisoma hivo hivo. Kwa hiyo waliposema wanatoa muvi mpya ya dunia ile ile ila Harry hayumo, Ron hayumo, Hermione hayumo, kiukweli niliogopa, niliona wanataka kuongeza maji kwenye mchuzi. Na kitabu wanachokitegemea sio hata hadithi, ni kijitabu chembamba cha 2001, orodha ya wanyama wa kichawi, J.K. Rowling alikiandika kuchangia shirika la hisani la Comic Relief kule Uingereza. Sasa orodha unaigeuzaje muvi? Kumbe inawezekana, skripti kaandika Rowling mwenyewe na ndo ilikuwa skripti yake ya kwanza ya sinema, dairekta David Yates, yule yule wa zile nne za mwisho za Harry.

Stori ni New York mwaka 1926. Newt Scamander (Eddie Redmayne), mchawi anayelea wanyama wa kichawi, anashuka melini na sanduku lake la mkononi, na ndani ya sanduku kuna wanyama, sio mmoja wala wawili. Anakutana na Jacob Kowalski (Dan Fogler), mtu wa kawaida kabisa asiye na uchawi, anafanya kazi kiwanda cha vyakula vya makopo na siku hiyo kaenda benki kuomba mkopo afungue duka la mikate. Kabeba na vitafunio vyake waonje. Anaambiwa siku hizi kuna mashine zinatoa mamia kwa saa, halafu anaulizwa dhamana yako iko wapi. Hapo bibi, ambaye kapika vitumbua maisha yake yote, akasema kwa sauti, "Hata mie waliniambia hivyo hivyo," na kuanzia hapo Jacob akawa wake, kila akipata shida bibi anaguna.

Masanduku yanabadilishana, wanyama wanatoka, na utamu unaanza. Niffler, kidude kama panya buku mwenye mdomo wa bata, kinaiba kila kinachong'aa na kukificha kwenye mfuko wa tumboni, watoto walikuwa wanapiga kelele. Occamy, kama nyoka mwenye mabawa, anajaa kadiri ya nafasi aliyopewa, ukimweka kwenye chumba anajaza chumba, ukimpa birika la chai anaenea humo humo. Lakini sehemu inayofanya nirudi kila mara ni pale Newt anapomshusha Jacob ndani ya sanduku. Waliowahi kuingia mapango ya Amboni hapa Tanga watanielewa, unatoka kwenye jua la nje, unainama, unapita pembamba, halafu ghafla dari linapaa juu na sauti yako mwenyewe unaisikia sio ile. Ndo ilivyo. Ngazi chache za kushuka sandukuni, halafu jangwa liko pale, msitu uko pale, mahali pa barafu pako pale, kila mnyama na pake, na Newt anapita na ndoo ya chakula kama mfugaji yeyote wa asubuhi. Hapigani na mtu. Anawajua mmoja mmoja, nani mgonjwa, nani ana wivu, nani hapendi kuguswa. Nilikuwa nimezoea uchawi wa fimbo na vita, na hapa nikaonyeshwa uchawi wa kulea.

Na hapo hapo sandukuni yumo wa kwetu. Nundu. Kwenye kile kitabu ameandikwa kuwa ni mnyama wa Afrika Mashariki, chui mkubwa anayetembea bila kishindo, pumzi yake ni maradhi yanayoweza kumaliza kijiji kizima, na hajawahi kudhibitiwa na wachawi pungufu ya mia moja. Nilivyokisoma mara ya kwanza nilisimama kitandani, maana sisi huku pwani tumelala na hadithi ya nunda mla watu toka utotoni. Paka wa sultani anakula kuku, sultani anasema paka wangu na kuku wangu, anakula mbuzi, anakula ng'ombe, anakula watu, mpaka anawala watoto wa sultani mwenyewe, ndo yule mdogo wao anatoka kwenda kumsaka. Sasa kwenye muvi Nundu kasimama juu ya jiwe, mwezi nyuma yake, anaunguruma shingo inafumuka manyoya, Newt anamwekea chakula, basi, kamera imepita. Yaani mnyama wa hatari kuliko wote duniani kapewa sekunde chache! Nikamwambia bibi, umeona, nunda yule. Akaangalia vizuri, akajibu kwa ule wimbo wa mama kwenye hadithi, "Mwanangu, siye huyo." Watoto wakataka kujua basi yeye yukoje, muvi ikasimama karibu nusu saa bibi anahadithia, na mie nilisikiliza kama sijawahi kuisikia.

Hili linaniuma kwa sababu upande wa pili muvi ina muda mwingi wa kumpa Graves (Colin Farrell), afisa wa wachawi wa Marekani, na mambo ya yule mchawi mwovu Grindelwald, na mwishoni majengo yanabomoka kama kwenye muvi yoyote ile. Credence, yule kijana anayegeuka moshi mweusi na kubomoa mji, sitamlaumu, ule moshi ni mtoto aliyechapwa na kulazimishwa kuuzika uchawi wake mpaka ukamuoza ndani, na Newt akisimulia yule binti wa miaka 8 mwenye moshi kama huo aliyemkuta Sudan akashindwa kumuokoa, chumba kizima tulinyamaza. Ila zile risasi za fimbo zingepungua tu. Watu wa Tanga tuna silikanti baharini hapa, samaki aliyedhaniwa kaisha duniani toka enzi za madinosaria, mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini akiwa mzima, na leo tuna hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Sisi mnyama wa ajabu tunamwamini bila jengo kuanguka.

Nguo ni nzuri sana, Colleen Atwood alipata Oscar kwa muvi hii, ya kwanza kwa dunia nzima ya Harry Potter. Na tafadhali tafuteni yenye maandishi chini. Nilianza na iliyotafsiriwa, nimewekewa kwenye flashi banda moja la muvi mjini, jamaa anaongea mpaka juu ya muziki wa sandukuni, nikaizima.

Mwisho mvua inanyesha New York nzima kuwafuta watu kumbukumbu, na Jacob inabidi atoke asimame kwenye mvua hiyo mwenyewe kwa miguu yake, Queenie, mchawi waliyependana naye, anambusu, Jacob anasahau yote. Bibi alikasirika kweli kweli. Halafu Newt anampa kwa siri sanduku lenye maganda ya mayai ya Occamy, fedha tupu, yawe dhamana yake, na duka linafunguliwa, na mikate iliyopangwa pale ina umbo la Niffler, ina umbo la wale wanyama aliowasahau. "Kichwa kimefutwa," bibi akasema, "mikono haijasahau." Tukarudisha nyuma mara mbili aione vizuri ile mikate.