Sabuni ya ngozi na mafuta yake kwenye mkanda mkongwe wa kunolea wembe: uzoefu wangu

Mkanda wenyewe niliukuta umeviringishwa ndani ya sanduku la vifaa vya kunyolea, umekakamaa kama ubao. Upande mmoja ngozi, upande wa pili kitani, upana wake kama sentimita 6. Ngozi ilikuwa nyeusi, inang'aa kwa uchafu, na pembeni ina chale tatu za mtu aliyekuwa na haraka ya kugeuza wembe. Nikanunua kopo la sabuni ya ngozi, ile ya kusafishia matandiko ya farasi, na chupa ya mafuta ya miguu ya ng'ombe.

Sabuni sina la kuilaumu. Unalowesha sponji, unaikamua ibaki na unyevu tu, unaizungusha koponi mpaka povu zito litoke, kisha unasugua taratibu na kulifuta povu kabla halijakauka. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi tii. Cha tatu, kahawia. Kufika cha tano ndipo nikaona kumbe ngozi niliyodhani nyeusi ina rangi ya asali! Ila usiutose mkanda majini. Ngozi ikilowa chapachapa, ikikauka inajikunja, na mkanda uliojikunja haulali sawasawa na makali. Mimi niliuning'iniza kivulini siku mbili.

Chale nilizipitisha msasa laini, namba 400, uliozungushiwa kipande cha mbao. Sikutaka kuzifuta, nilitaka tu kushusha kingo zilizoinuka. Baada ya hapo nilifuta vumbi mara nne, kwa sababu punje moja ya msasa ikibaki kwenye ngozi inatosha kupiga pengo kwenye wembe.

Sasa mafuta. Maelezo ya chupa yanasema upake bila ubahili. Huenda ni sahihi kwa buti. Nilitii kwenye nusu ya juu ya mkanda na nikajuta: ngozi ililegea ikawa tepetepe, wembe ukipita inabonyea na kuyakumbatia makali, na makali yakikumbatiwa hivyo yanaviringana badala ya kunyooka. Nilikaa karibu wiki nzima nikiikandamiza kwa karatasi za shashi ili zinyonye mafuta. Nusu ya chini niliipa matone matano tu, nikayasugua kwa kiganja mpaka yakapotea. Hiyo ndiyo iliyokaa vizuri. Tangu siku hiyo chupa sijaigusa. Kabla ya kunoa nasugua mkanda kwa kiganja kikavu, na joto la mkono pamoja na mafuta ya ngozi yangu vinatosha.

Kitani nilikisugua kwa brashi na sabuni ya kawaida, kikatakata.

Nilipoujaribu, nilipitisha wembe mara 20 kwenye kitani na mara 50 kwenye ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, nikiugeuzia juu ya mgongo kila nilipofika mwisho. Zamani ulikuwa unateleza tu kama kwenye kioo. Sasa ngozi inaukamata kidogo, na unasikia mvumo mmoja usiokatika. Shavu lilinyoleka bila kuwasha, shingo nayo vilevile, na kwangu shingo ndiyo huwa korofi.

Sabuni naipa 5 kwa 5. Mafuta 3, na maelezo yake sifuri. Ile nusu ya juu bado ina weusi kidogo na inabonyea ukiigusa, kwa hiyo naanzia chini yake.