Kodi ya kaboni au soko la vibali, ipi bora?

Hili swali halichoki kurudi, na watu wanabishana kama maadui wakati njia zote mbili zinataka kitu kimoja, anayechafua hewa alipe. Kodi ni serikali inapanga bei ya kila tani ya hewa chafu ya kaboni, ile inayoongeza joto duniani, Uswidi wanayo tangu 1991. Vibali ni serikali inaweka kikomo cha hewa chafu yote halafu viwanda vinauziana ruhusa, Umoja wa Ulaya walianza 2005.

Kwa uhakika wa bei kodi iko mbele, mwenye kiwanda anajua atalipa ngapi anajipanga mapema. Ulaya vibali vya mwanzo viligawiwa vingi mno mpaka 2007 bei ikaporomoka karibu na sifuri, na kwa kweli inauma maana miaka ile ilipotea bure. Ila kama unachotaka ni uhakika wa kiasi cha hewa chafu basi kikomo ndo chenyewe, kodi haikuahidi watu watapunguza kiasi gani.

Usimamizi kodi ni rahisi, soko linataka vipimo, rejista na wakaguzi.

Halafu kuna wananchi, na hapa wataalamu wengi wanajisahau. Kodi inaonekana wazi pale kwenye pampu ya mafuta, Ufaransa 2018 waandamanaji wa vizibao vya njano waliingia barabarani hadi ongezeko la kodi ya mafuta likafutwa. Gharama ya vibali inajificha ndani ya bili ya umeme.

Kwahiyo nchi yenye wakaguzi wachache mi ningesema ianze na kodi, tena pesa irudishwe kwa wenye kipato kidogo. Yenye viwanda vikubwa vingi na vipimo vya kuaminika, vibali vitaifaa zaidi.