Tathmini ya usonji kwa wasichana, kliniki ya Ntinda, Kampala: nyota nne

Mwenye binti mkimya, anayesifiwa adabu kila mahali lakini akirudi nyumbani analia mpaka usingizi umchukue, ampeleke kliniki hii: huenda ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri jinsi mtu anavyowasiliana na kuhisi mambo.

Wangu ana miaka 13. Kwetu, msichana akipiga magoti kusalimia na kuinamisha macho, wazee hufurahi. Shangazi zake walimtolea mfano kwa wenzake. Walimu wa msingi waliandika "mpole, hana shida" kwenye kila ripoti. Alipoingia bweni sekondari, kelele na makundi ya wasichana yasiyotulia vilimshinda. Akaacha kula, kisha kusema. Hospitali ya kwanza ilitupa dawa za usingizi tu.

Hapa mwanasaikolojia alizungumza naye Kiswahili, peke yake kwanza, kisha pamoja nami. Suala la kukwepa kutazama watu machoni, ambalo huhesabiwa dalili ya usonji, aliliweka kando: mtoto aliyefundishwa kutomkazia mkubwa macho huwezi kumpima kwa hilo. Akamuuliza, "Unajuaje wakati wa kucheka?" Binti akajibu kwamba humwangalia rafiki yake mmoja, naye akicheka ndipo anacheka. Salamu huzifanyia mazoezi bafuni kabla wageni hawajafika. Mimi mama yake ndiyo kwanza nasikia! Ana pia daftari la mitindo ya kusuka, kila mstari umechorwa na kupewa namba. Sisi tuliona ni mapenzi ya kike tu. Mwanasaikolojia alilifungua ukurasa kwa ukurasa, akasema cha kuangalia ni jinsi kitu kinavyomteka mtoto, hata kiwe cha kawaida namna gani.

Nikauliza, mbona walimu wote hao hawakuona? Akanieleza kwamba Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto huko Marekani, mwaka 1943 aliandika juu ya watoto 11 wenye usonji, wavulana wakiwa 8, na Hans Asperger, daktari wa Austria, mwaka uliofuata akaeleza wavulana wanne. Watu wakazoea kumtafuta mvulana, ingawa Grunya Sukhareva, daktari wa akili wa watoto wa Kisovieti, alishaandika juu ya wasichana mwaka 1927. Maelezo hayo yalinitua mzigo.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya chumba cha kusubiria: televisheni juu, bodaboda dirishani, binti ameziba masikio. Kwa kliniki ya usonji hilo halikubaliki. Ripoti nayo ni ya Kiingereza pekee. Bibi yake nilimsomea mwenyewe.

Gharama ni shilingi 400,000 za Uganda, kwa awamu mbili. Nenda na ripoti za shule za tangu chekechea, maana wanatafuta dalili za utotoni. Barua yao kwa shule imefanya kazi: sasa anakula kabla ya kengele, bwalo likiwa tupu.