Darasa la leseni ya bastola Chicago: mwalimu safi, gharama zinaumiza mtu wa shifti

Nimemaliza lile darasa la masaa 16 la leseni ya kubeba bastola hapa Illinois, na kwa vile kuna wenzangu watatu wameshaniuliza inbox kama linafaa naandika yote hapa. Jina la wenye darasa sitaji, wapo wengi na bei zao zinakaribiana.

Mimi nahudumia wazee kwenye nursing home, natoka saa tano usiku alafu nasimama kituoni nasubiri basi peke yangu. Jirani yangu kavunjiwa mlango mara mbili mwaka jana, ndo hapo nikaanza kuwaza hii kitu.

Mwalimu namkubali sana. Baba mtu mzima, mvumilivu, anarudia mpaka uelewe na lafudhi yangu haikumsumbua hata kidogo. Siku ya kwanza karibu yote ni sheria, wapi huruhusiwi kuingia nayo, lini unaruhusiwa kujitetea na lini unatakiwa uondoke zako, akasisitiza mno kwamba bastola ikishatoka kiunoni maisha ya watu wawili yamebadilika, ya kwako na ya mwenzio. Siku ya pili shabaha: risasi 30, kumi kwa yadi 5, kumi kwa yadi 7, kumi kwa yadi 10, ili upasi lazima 21 ziingie. Mimi ziliingia 24 na sijawahi kushika bastola maishani, kwahiyo muone alivyofundisha. Nyota tano kwake.

Sasa hela, jamani. Kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha jimbo cha mwenye silaha, ambayo bila hiyo huruhusiwi hata kumiliki risasi ni dola 10, hiyo haina shida. Darasa 200. Nimefika siku ya pili ndo naambiwa kukodi bastola na risasi ni 45 nyingine, hawakusema wakati nabuku na hapa nawalaumu kabisa. Alama za vidole 60, sio lazima ila ukiziacha majibu yanaweza kuchukua siku 120 badala ya 90. Leseni yenyewe 150 kwa miaka mitano. Hapo ni 465. Alafu masaa 16 ni wikiendi nzima na mimi wikiendi ndo nafanya kazi, shifti mbili za masaa nane kwa dola 18 zimeenda, 288. Na sehemu yenyewe ipo nje ya mji, Jumapili basi halifiki, Uber kwenda na kurudi siku mbili ni 140. Jumla 893 na bastola sijanunua bado!! Kwa mtu wa ofisini mwenye gari na Jumamosi yake huru nusu ya hizi gharama hazipo, yeye analipa ada tu anaendelea. Darasani tulikuwa 11, nikaangalia parking, karibu wote wana magari mazuri, na sisi wa mitaa ambayo milio ya risasi inasikika kila wiki tulikuwa wawili tu, mimi na mzee mmoja mweusi mstaafu aliyenipa lifti jioni ya pili.

Huyo mzee ndo kanikumbusha habari za Otis McDonald, mstaafu wa mtaa wa Morgan Park hapa Chicago aliyeanzia kazi ya usafi, nyumba yake ikavamiwa mara kadhaa na Chicago tangu 1982 ilikuwa inakataza bastola majumbani, akaenda mahakamani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na 2010 akashinda. Yaani haki ya kuwa na bastola nyumbani ilidaiwa na mtu wa kipato kama chetu. Na ukivuka tu mpaka ukaingia jimbo la jirani la Indiana, tangu Julai 2022 hawadai leseni ya kubeba kabisa.

Nilikumbuka nyumbani pia. Kijijini kwetu wenye shotgun ya kibali walikuwa wawili, mfanyabiashara na mwenye shamba kubwa. Wakulima wengine walifukuza nguruwe kwenye mahindi na gobole la mhunzi lisilo na karatasi, wakisikia polisi wanakuja linafukiwa. Nguruwe ni walewale kwa tajiri na kwa masikini.

Kilichoniuma kuliko bei ni hiki, na mwalimu alikisema wazi bila kuficha: sheria ya Illinois hairuhusu kubeba bastola kwenye basi wala treni hata ukiwa na leseni, labda iwe haina risasi na imefungiwa kwenye kasha. Mwenye gari anasafiri nayo garini kutoka nyumbani mpaka kazini. Mimi niliyeenda kujifunza kwa sababu ya kile kituo cha basi, ndo nisiyeweza kuibeba pale kituoni. Nilimuuliza mara mbili kuhakikisha.

Silitaki hili darasa lifupishwe, kila mtu anayeshika bastola ajue yale niliyofundishwa. Nataka waweke siku za katikati ya wiki, waruhusu kulipa kidogo kidogo, na gharama ya kukodi iandikwe mwanzoni. Nimeshawaandikia email, wamejibu wataangalia ratiba. Anayeenda mwezi ujao aniambie mapema, tukifika wanne tugawane Uber, na beba chakula, pale karibu hakuna hata duka.